Korongo si Pambo la Bustani

Siku moja tuliitwa katika shule moja ya sekondari huko Mbagala, wilayani Temeke, kwenda kuzungumza na wanafunzi juu ya ushairi. Katika mazungumzo hayo neno korongo likatajwa, nasi tukauliza, kwa nia ya kulipumzisha darasa tu, korongo ni nini. Mikono mingi ikainuka. Wa kwanza akasema korongo ni shimo refu lichimbwalo na maji ya mvua, na kwamba moja liko nyuma ya nyumba yao, watu hutupa taka humo. Wa pili akasema vivyo hivyo, akaongeza kuwa la kwao limekwisha kumeza choo cha jirani, darasa likacheka. Wa tatu, mpenzi wa kandanda, akasema Korongo ni timu ya Taifa ya Uganda. Wa nne, binti aliyeketi karibu na dirisha, akasema, "Mwalimu, mimi nimemwona. Ni ndege wa hotelini."

Hatukuwacheka wanafunzi wale, wala hatumlaumu mwalimu wao, maana yote waliyoyasema yalikuwa kweli. Lugha yetu ina makorongo mengi na makorongo ya aina nyingi. Liko korongo la maji, kama alivyosema mtoto wa Mbagala. Yuko korongo wa porini, mnyama mkubwa wa pembe zilizopinda kwenda nyuma, jamaa ya palahala. Na yuko korongo ndege, ambaye naye jina lake tumeligawa ovyo: mrefu wa miguu na mdomo yeyote apitaye mbele yetu humwita korongo, hata yule wa majalala ya Mwanza na Kampala mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye si wa ukoo huo hata kidogo. Lakini lile jibu la binti wa dirishani lilitukaa moyoni. Ndege wa hotelini! Yaani ametoka katika uumbaji akaingia katika orodha ya vyombo, pamoja na viti vya bustani na mataa ya njiani.

Makala haya yana shabaha moja. Tunadai kwamba korongo wa taji atolewe bustanini, bustani zile za nyua za wenye mali na bustani iliyo katika vichwa vyetu, arudishwe kwake, ambako ni majini na manyasini. Na tunadai kwamba kazi hiyo ni kazi ya utamaduni wa Taifa, haiwahusu mabwana nyama peke yao.

Haki ni kuanza kwa kujishitaki wenyewe. Tulipokuwa vijana, tungali tukijifunza kupima mizani, tulitunga shairi la kumsifu mkubwa mmoja wa kazi aliyekuwa akihamishwa, na kwa kuwa tulihitaji kina cha "ngo" tukamfananisha na korongo. Tulimweka ndege huyo ufukoni, akitembea juu ya mchanga na kuokota kamba wa baharini. Tukampa sauti tamu ya kinanda. Shairi likasomwa katika karamu ya kuagana, watu wakapiga makofi. Baada ya hapo karani mmoja mzee, mzaliwa wa Karagwe, akatuita kando akatuuliza, kwa upole uliotuumiza kuliko tusi, "Kijana, korongo huyu ulimwona wapi?" Hatukuwa tumemwona popote. Tulikuwa tumeona picha yake katika bendera ya jirani. (Uongo nao una kina cha "ngo"; tungelitumia neno hilo tangu awali shairi lingekuwa na ukweli zaidi.)

Mzee yule, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa kwanza katika habari za ndege huyu. Baadaye safari za kazi zilitufikisha Ngorongoro, tukawaona kwa macho yetu, na vitabu vikatufundisha mengine. Yafaa tuyaeleze hapa kwa kirefu, kwa sababu hoja yetu yote imesimama juu ya maisha ya ndege mwenyewe.

Korongo wa taji husimama kimo cha mita moja hivi, sawa na mtoto wa miaka minne. Akiyakunjua mabawa, toka ncha hata ncha hukaribia mita mbili, lakini uzito wake ni kilo tatu na nusu hivi tu. Mwili wake ni wa kijivu. Mabawa yana weupe mkubwa, na weusi, na manyoya ya rangi ya dhahabu. Paji lake ni jeusi na laini kama mahameli, shavu ni jeupe lenye wekundu kwa juu, na kooni ananing'iniza kifuko chekundu. Kisogoni ndipo lisimamapo lile taji, nyuzi nyingi ngumu za dhahabu zilizotawanyika kama miale. Kifaranga hazaliwi nalo. Humwotea polepole kadiri anavyokua. Na dume na jike hufanana hata jicho la mtu lisiweze kuwatenga. Msomaji aliweke jambo hili akilini, tutalirudia.

Duniani kuna aina 15 za korongo wa ukoo huu. Wawili wanazaa katika nchi yetu: huyu wa taji, na mwingine mkubwa zaidi mwenye vitambi viwili vya nyama chini ya kidevu, apatikanaye kwa uchache katika mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi. Wataalamu walimwandika wa taji katika vitabu vyao mwaka 1834, nao wakampa ukoo wake jina la visiwa vya Balearic vilivyo katika bahari ya Hispania, ambako haishi. Basi sisi tuliomweka ufukoni Dar es Salaam hatuko peke yetu.

Jamii ya korongo wenye taji ndiyo ya kale kuliko korongo wote waliobaki. Inatambulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni sauti. Korongo wa nchi nyingine wana bomba la pumzi refu lililojikunja ndani ya mfupa wa kidari, ndiyo maana hupiga mlio kama tarumbeta usikikao mbali sana. Wetu hana mkunjo huo. Mlio wake ni wa huzuni, wa silabi mbili, na akitaka kuvuma hukijaza upepo kile kifuko cha kooni. Hapana kinanda hapo.

La pili ni kidole. Korongo wengine wote hulala chini, au hulala wamesimama katika maji ya kina kifupi, kwa kuwa kidole chao cha nyuma ni kifupi mno hakiwezi kushika tawi. Korongo wa taji peke yake ana kidole kirefu cha nyuma, naye jioni huruka akatua juu ya mti na kulala huko. Katika ukoo mzima wa korongo ni wao tu waliopewa mti.

Mchana hutembea nyikani na mashambani akitafuta chakula, wala hana uchaguzi mwingi: mbegu za majani, panzi, chura, mjusi, mnyoo, kaa wa mtoni. Hukanyaga-kanyaga majani kwa nguvu ili wadudu washtuke waruke, ndipo huwadaka. Hupenda kufuata ng'ombe na nyumbu kwa sababu hiyo hiyo, wao wakimfanyia kazi ya kukurupusha. Hula pia karanga na mahindi yaliyopandwa, na hapo mkulima ana kilio chake ambacho hatutakidharau. Wako waliolipa deni hilo kwa sumu.

Mvua zikija, mume na mke hujitenga na kundi, wakaenda kwenye kinamasi chenye matete na mafunjo marefu. Huyalaza manyasi wakayafanya jukwaa lililozungukwa na maji, na juu yake jike hutaga mayai mawili hadi manne. Hulalia kwa zamu, baba na mama, siku 28 hadi 31. Makinda hutembea karibu mara tu baada ya kuanguliwa, huwafuata wazazi majini na nchi kavu, na hukaa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuruka. Mume na mke hao aghalabu hubaki pamoja maisha yao yote.

Na wanacheza. Mmoja huinama kama atoaye salamu, akaruka juu na mabawa wazi, akaokota jani akalitupa hewani. Wa pili humjibu, wa tatu, na mara kundi zima limeingia ngoma. Husemwa kuwa hiyo ni ngoma ya posa. Posa imo, lakini si posa tu, kwa sababu hata makinda yasiyojua habari za ndoa hucheza, na wazee waliokwisha oana zamani hucheza. Tuliwatazama pale Ngorongoro zaidi ya saa nzima, na dereva wetu, aliyekuwa na haraka, akaizima gari mwenyewe bila ya kuambiwa.

Sasa twende Kinondoni.

Katika upande wa kaskazini wa jiji, kutoka Mbezi hata Bunju, yamejengwa majumba mazuri yenye kuta ndefu, na hatuna kinyongo na mtu aliyejijengea nyumba kwa jasho lake. Tuliingia katika nyumba moja ya namna hiyo kwa kazi ya serikali. Juu ya majani yaliyofyekwa sawasawa walikuwa wamesimama korongo wawili. Mwenye nyumba, mtu mkarimu, alituonyesha kwa furaha, akasema kuwa yeye anapenda utamaduni na mambo ya asili, na kwamba amewanunua ili watoto wake wajue fahari ya Afrika. Tukauliza mbona hawaruki. Akasema wamezoea.

Hawakuzoea. Walikuwa wamekatwa. Iko njia ya kupunguza manyoya ya bawa kwa mkasi, ambayo manyoya hurudi yakiota upya. Na iko njia ya pili, ya kukata kifundo cha mwisho cha bawa, mfupa na yote, ndege angali kinda. Manyoya ya kurukia huota katika kifundo hicho. Kikiondoka, ndege huyo hataruka tena mpaka kufa, na korongo aweza kuishi miaka zaidi ya ishirini. Aliye mbali haoni kitu, kwa kuwa bawa likikunjwa huonekana zima.

Tulipokuwa tukiondoka tulisimama na mlinzi wa getini, mtu wa Kagera, tukamwamkia, kwani alikuwa mtu mzima kuliko sisi. Yeye aliwajua ndege wale tangu utotoni. Akatuambia kwamba kila siku jua likielekea kuchwa huenda wote wawili chini ya mwarobaini ulio kando ya tangi la maji, wakainua vichwa, wakatazama matawi. Husimama hivyo mpaka giza. Kisha hulala nyuma ya tangi.

Wako watakaosema kuwa tunakuza jambo dogo. Hoja zao tunazijua, kwa kuwa tumezisikia ofisini, barazani na hata mdomoni mwa waalimu. Ya kwanza husema kwamba kumfuga ni kumhifadhi: huko porini ataliwa au atapewa sumu, hapa anapata mahindi na maji. Tunajibu kwa kuuliza, wale wawili wa Mbezi wametaga mayai mangapi? Mwenye nyumba alitulalamikia mwenyewe kwamba mwaka wa nne huo hajaona hata moja. Huenda ni madume wawili, au majike wawili. Aliyemuuzia hakujua, naye mnunuzi hakuweza kujua, maana hawa hawatambulikani kwa sura. Na hata kama ni mume na mke, watatagia wapi? Juu ya majani ya kukatwa kwa mashine? Kinamasi kiko wapi, na matete yako wapi? Kila korongo aliye katika ua ametolewa katika hesabu ya uzazi wa korongo kana kwamba amekufa, ila anaendelea kula.

Na hesabu yenyewe si ya kuchezea. Mwaka 1985 korongo wa taji wa kijivu walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 katika Afrika Mashariki na Kusini. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2010 makadirio yalikuwa yameshuka hadi kati ya 50,000 na 64,000, na mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile ukamtia katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu mbili kubwa zinazotajwa ni kukaushwa kwa vinamasi na kukamatwa kwa ajili ya kufugwa na kuuzwa. Basi anayesema anamhifadhi kwa kumnunua amekuwa kama mtu aziaye moto kwa petroli.

Hoja ya pili ni ile ya fahari. Wanasema watu wakubwa wa kale waliweka wanyama katika nyua zao, kwa hiyo ni mila. Tunaomba tuelezwe ni mila ya kabila gani kukata mfupa wa bawa la korongo ili mgeni anywe kahawa akimtazama. Sisi tunajua bustani ya namna hiyo ilitoka wapi. Ilikuja na nyumba za wakoloni, pamoja na maua yasiyolika na kengele ya kumwitia mtumishi. Wakoloni waliondoka, bustani wametuachia, nasi tumeirithi tukaipa jina la utamaduni. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, shida aliyokusudia kuitibu ni hiyo hasa, ya watu waliofundishwa kuonea haya vya kwao na kuviiga vya wengine. Sasa ugonjwa umegeuka sura. Hatuvionei haya tena vya kwetu. Tunavinunua, tukavikata, tukaviweka palipo na taa.

Isidhaniwe pia kuwa ni jambo la faragha, mtu na mali yake. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori si mali ya anayemshika kwanza, na kumweka nyumbani bila ya kibali ni kosa. Nchi hii imekwisha onja uchungu wa biashara ya viumbe hai. Mwaka 2010 wanyama zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa katika ndege pale uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar, na mpaka leo mtu akisema "twiga alipanda ndege" kila Mtanzania anajua asemalo. Mwaka 2016 Serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Lakini ni nini faida ya kulinda mlango wa uwanja wa ndege ikiwa mlango wa ua uko wazi?

Tena lipo la kujifunza, si mbali. Rwanda ilikuwa imefika pabaya kuliko sisi. Kumfuga korongo katika nyua za nyumba na hoteli kulikuwa ni desturi ya wenye nafasi. Mwaka 2014 daktari wa mifugo aitwaye Olivier Nsengimana na wenzake, wakishirikiana na serikali yao, walianza kuwaandikisha ndege wote waliofugwa. Wenyewe walitakiwa kuwataja bila ya kuadhibiwa, kisha wakaombwa kuwatoa. Korongo zaidi ya 200 walitolewa nyuani. Waliokuwa wazima wakapelekwa kuizoea nyika tena katika Hifadhi ya Akagera, inayopakana na Kagera yetu. Waliokatwa mabawa, kwa kuwa hawawezi kujiokoa, walitengewa kinamasi pembezoni mwa Kigali, mahali paitwapo Kijiji cha Umusambi, ambalo ndilo jina la korongo kwa Kinyarwanda. Watoto wa shule huenda kuwatazama huko, na jambo la kwanza waonyeshwalo ni bawa lisilo na ncha. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata korongo 487. Ile ya mwaka 2021 ikapata 881. Nchi ile ni ndogo kuliko mikoa yetu mingine.

Iko hoja ya tatu, nayo hutoka kwa vijana: korongo ni wa Waganda, atuhusu nini? Ni kweli yumo katikati ya bendera ya Uganda tangu tarehe 9 Oktoba 1962, ameinua mguu mmoja kama aendaye mbele, na wachezaji wao wa kandanda hujiita kwa jina lake. Tunawapongeza ndugu zetu kwa uchaguzi huo. Lakini ndege hana pasi ya kusafiria. Anayezaa Karagwe hula ng'ambo ya mpaka, na wa Ngorongoro hajapata kusikia habari za Kampala. Sisi tulichagua twiga, tukafanya vema. Katika fedha zetu za zamani tuliweka mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50, na kizazi kilichozitumia sarafu hizo kiliwajua wanyama hao kabla ya kujua kusoma. Kumbe kitambulisho cha Taifa ni kama picha ya ukutani: humkumbusha aliyepo, hakimzalii watoto. Hata Uganda, yenye ndege huyu katika kila sare na kila stempu ya ofisi, imempoteza kwa wingi, kwa kuwa vinamasi vyake vimelimwa. Bendera haina matete.

Hapa ndipo tunapowarudia wanafunzi wa Mbagala, kwa sababu mtu atauliza mtoto wa Temeke ana nini na ndege asiyeishi Temeke. Ndege anayemjua yeye ni kunguru, ambaye naye ni mgeni, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asafishe mji, akavuka bahari, akatutawala. Swali hilo ni la haki, nalo lina jibu lililofichwa katika neno moja.

Wazee wetu mahali palipo na majimaji, penye kutitia, penye matete, walipaita tingatinga. Neno hilo limo katika kamusi za zamani. Mwulize kijana wa leo wa Kinondoni tingatinga ni nini, atakuambia ni mtambo mkubwa wa kusukumia udongo, au atakutajia ile michoro ya rangi iuzwayo Oysterbay, iliyopata jina kwa marehemu Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972. Michoro ina ndege wengi wa shingo ndefu, nasi tunaipenda. Lakini tazama safari ya neno! Lilikuwa jina la kinamasi, likawa jina la mtambo wa kukifukia kinamasi. Hatujui mshairi ambaye angethubutu kubuni jambo la namna hiyo.

Na tumevifukia. Mabonde ya Msimbazi, ya Mlalakuwa, ya Kizinga na ya Mzinga yalikuwa na kazi yake, ya kupokea maji ya mvua na kuyatuliza. Sisi tuliyaona kuwa ni uwanja usio na mwenyewe, tukamwaga kifusi, tukamwaga taka, tukajenga. Desemba 2011 maji yalirudi kwake. Watu walikufa, maelfu wakapoteza makazi, na Serikali ikawahamishia baadhi yao Mabwepande. Hatusemi kwamba korongo wa taji aliwahi kutagia Jangwani. Tumekwisha kosa mara moja kwa kumweka asipo, hatutakosa mara ya pili. Tunasema kwamba mtoto aliyefundishwa na mtaa wake kuwa bonde la maji ni jalala, huyo huyo kesho atakuwa bwana shamba, au mhandisi, au mkuu wa wilaya, na atapelekwa mahali kama Usangu. Huko nako maji ya kinamasi cha Ihefu yalinyweshwa mashamba ya mpunga bila ya kipimo, mpaka katika miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu ukaanza kukauka wakati wa kiangazi, mto ambao bwawa la Mtera huutegemea kwa umeme. Taa za Temeke zilizimika. Kwa hiyo mtoto wa Temeke anahusika.

Waalimu wenzetu mtatusamehe tukisema kwamba katika shule nyingi utamaduni umekuwa ni siku moja ya ngoma, watoto wamevaa vitenge, mgeni rasmi amekaa chini ya turubai. Ngoma ni njema. Lakini mtu achezaye ngoma ya kwao bila ya kujua jina la mti uliotoa mzinga wa ngoma, wala la mnyama aliyetoa ngozi, naye amekatwa kifundo. Kwa mbali anaonekana mzima. Maarifa ya viumbe ndiyo yaliyojaza lugha yetu. Vitendawili vyetu vimejaa ndege, methali zetu zimejaa wanyama, na kila mmoja wao akitoweka huacha msemo usio na maana mdomoni mwa watu, kama tulivyoacha neno tingatinga.

Haitakiwi bajeti. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa baiolojia wakae pamoja kipindi kimoja. Wanafunzi waandike majina yote ya ndege waliyoyasikia kwa babu na bibi zao, kwa lugha yoyote, kwani Temeke imekusanya makabila yote na wazee wao wanaishi humo humo. Mganda wa Mbagala atataja ng'aali, Mhaya atataja lake, Mnyakyusa lake. Wakishamaliza, washuke na mwalimu wao kwenye korongo lile la taka, waulize maji yake yanakotoka na yanakokwenda.

Na wenye nyua tunawaambia bila ya matusi: wataje ndege walio nao kwa maofisa wa wanyamapori, kabla ya kuulizwa. Tungependa Wizara iwafungulie muda maalumu wa kufanya hivyo bila ya adhabu, kama walivyofanya Wanyarwanda. Aliyenunua kwa kutojua si mwizi. Lakini baada ya kusoma makala haya kutojua kumekwisha.

Mwaka uliofuata tuliitwa tena Mbagala. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amebandika ukutani karatasi ya majina ya ndege, 63 kwa hesabu yetu, mengi yao hatukuwahi kuyasikia. Tukauliza swali lile lile. Yule binti wa dirishani, ambaye sasa alikuwa ameketi mbele, akataka kwanza tumweleze ni korongo yupi tunayemtaka, wa maji, wa pembe au wa taji, ndipo akasimama akaanza na yule wa maji.